Mkate wa Maji ya Fromaji

Jirani yetu aliupima mkate kwa sikio. Sufuria ilikaa juu ya makaa machache, makaa mengine yamepangwa juu ya kifuniko cha bati, naye anainamisha kichwa karibu nayo kama mtu anayetega sikio mlangoni. Ukimuuliza kitu wakati huo, alikuinulia kidole kimoja bila kukutazama. Baadaye alisema, "Sasa iko napumua," akaondoa makaa kwa koleo, na sisi tuliokuwa tukijifanya tunapita tu tukaanza kusogea.

Mji mzima wa Mweso ulimwita Mama Mkate. Jina lake la ubatizo ninalijua na sitaliandika, maana nimeshamtia midomoni mwa watu mara moja, na imetosha. Niseme mapema, msomaji asije akanipenda bure: huyu ni mtu niliyemkosea, wala yeye hakuwahi kunikosea hata siku moja, isipokuwa labda siku zile za kuku.

Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa matete wenye tundu la kupitisha mtu mmoja. Watu wake ni wa mashamba, wa siku nyingi katika vilima vya Masisi. Wangu ni watu wa ng'ombe. Baba alikuwa na ng'ombe wake upande wa Nyamitaba hata baada ya sisi kuhamia Mweso, na kila asubuhi alipanda kilimani kuwaona kana kwamba wangemsahau. Tulisali kanisa moja, tukakopeshana chumvi na chekecheke, na kuku wa mama yangu wakala mbegu za Mama Mkate bila kukopeshwa. Hapo ndipo hasira yake ilipokuwa. Alimkamata kuku kwa mguu, akamrusha juu ya ua, akaita, "Mukamate mukristo wenu, anaiba!" Mama alimdaka, akajibu, "Asante, Mama, tutamuombea." Jioni yake walikuwa wanachambua maharagwe pamoja.

Mkate wake ulikuwa wa mahindi, na ulikuwa mwepesi. Yeyote aliyekula mkate wa mahindi wa kwetu anajua kwamba hilo si jambo la kawaida. Wetu ulikuwa wa mafuta na sukari, unashuka tumboni kama jiwe na kukaa huko mpaka kesho. Wa kwake ukiubonyeza ulirudi juu. Nilimtazama akiupika mara nyingi nikidhani ninajifunza, kumbe nilikuwa natazama tu. Unga aliuchekecha mara mbili, kisha pumba alizoziondoa akarudisha nusu. Mafuta hakutia, isipokuwa yale ya kupaka jani la mgomba kwa ncha ya kidole kabla ya kulitandika ndani ya sufuria. Mahali pa mafuta alitia boga lililochemshwa na kupondwa. Mayai alitumia manne, lakini kiini kimoja tu. Viini vitatu vilikwenda kwa mwanamke yeyote wa karibu aliyekuwa ananyonyesha, na ute mweupe aliupiga kwa uma ndani ya sahani yenye kina mpaka ukawa povu gumu. Kisha aliigeuza sahani juu ya kichwa chake mwenyewe kuonyesha kwamba haimwagiki. Ilimwagika mara moja tu, siku ya Pasaka, juu ya kilemba kipya, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka yeye alipocheka. Mwisho chumvi kidogo, bikarbonati ya kubanwa kwa vidole viwili, na maji aliyoingia ndani peke yake kuyatia, kutoka chungu kilichokaa nyuma ya mlango. Sukari hakuna.

"Mafuta iko na adabu," alipenda kusema. "Inakaa mu chupa."

Yeye mwenyewe hakuula mkate huo. Hili lilitushangaza wote. Alikula sombe, majani ya muhogo yanayoogelea ndani ya mawese, na mandazi ya moto aliyofungiwa kwenye karatasi sokoni, karatasi ikawa inapitisha mwanga kwa mafuta. Baba alipomwambia kwamba anahubiri asichokitenda, alijibu huku anatafuna: "Miye sina sukari, Papa. Wenye sukari bakule mukate. Wenye hawana bashukuru Mungu na bakule mandazi." Kanisani alikishika kitabu cha nyimbo wima kabisa na kufungua kurasa pamoja na wengine, ingawa hakujua kusoma, na alisahihisha wanaokosea maneno. Mahubiri marefu yalimlaza, lakini ukimuuliza baadaye mchungaji alisema nini, alikueleza vizuri kuliko aliyekuwa macho. Alipenda kujua habari za kila nyumba. Alizitafuta, alizichimba, alikaa nazo. Ila kuzisema hakuzisema. Mtu alizipeleka kwake na hazikutoka tena. Nilidhani ni ushamba tu, hajui kunogesha hadithi.

Baba yangu aliingia katika mkate huo kwa njia ya ugonjwa wa sukari. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kiganja kama jembe, na siku daktari alipomwambia aache chai ya sukari, mkate mweupe na vitu vya kukaangwa, alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti kama mtu aliyeambiwa auze ng'ombe wote. Hakula siku mbili, si kwa utii, kwa kununa. Mama Mkate akapita kwenye tundu la ua.

"Papa, mahindi utakula?"

"Mahindi nitakula."

"Basi, nuna mupaka kesho tu."

Kesho yake alileta kipande cha ukubwa wa kiganja. Kiganja chake yeye, si cha baba. Baba alitazama kile kipande, akatazama mkono wake, akasema ni chakula cha ndege. Lakini alikula, na keshokutwa aliulizia. Ilikuwa hivyo karibu miaka mitatu. Mwili wake ulipungua, alirudia kupanda kilima bila kusimama njiani, akaanza hata kuchekesha. Watu wengine wenye sukari na tension, shinikizo la damu, walisikia, na Mama Mkate akawa anapeleka kikapu kanisani kila Jumapili kwa ajili ya chai ya baada ya ibada, na vipande vingine kwa wanaouguza wagonjwa hospitalini, na kwa waliokimbia vita wakafikia kwetu. Ukimshukuru sana alikukata: "Haiko dawa. Iko mukate." Hilo neno nimelishikilia sana baadaye, kwa sababu nitakazozieleza.

Kila Alhamisi, siku ya ine kama tunavyosema, baba aliporudi kutoka kilimani, hakuingia kwetu kwanza. Alipita kwa jirani akiwa amebeba chombo chake cha maziwa, kile cha mti kilichochongwa kwa mkono, chenye kifuniko kirefu kilichosukwa kama kofia. Katika nyumba kama yetu chombo hicho kina heshima yake. Hakiwekwi chini ovyo, hakitiwi kitu kingine ila maziwa, na mtu hakifunui cha mwenzake. Mama alikuwa akijivuna kidogo kwamba nyumba yetu inampa jirani maziwa. Mimi pia.

Sasa niyaeleze hayo maji. Huko kilimani maziwa mengi yanageuzwa jibini, sisi tunasema fromaji. Maziwa yakishaganda na kukamuliwa, hubaki maji ya rangi kati ya kijani na njano, yenye uchachu. Maji hayo hutiwa kwenye pipa na kupewa nguruwe, mengine mbwa. Hayana sumu wala uchafu, lakini kwa watu wa ng'ombe kumpa mtu maji hayo ni kumwonyesha mahali unapomweka. Nimewahi kuona undugu ukivunjika kwa kikombe kidogo kuliko hicho.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimerudi kutoka Goma na masomo niliyoyaacha katikati, kucha ndefu, simu mkononi. Akina mama wa kanisa walisema ninajivuna, nao walikuwa wakweli. Asubuhi moja nilipita kwenye ua kuomba chekecheke. Mlango ulikuwa wazi. Mama Mkate alikuwa anamimina maji kutoka kwenye chungu ndani ya unga, na kabla sijayaona vizuri pua yangu ilikuwa imeshayajua, maana nilikulia karibu na kibanda cha fromaji. Nilisimama. Yeye akaona kwamba nimeona.

"Umeona," alisema. "Basi, umeona. Funga mulango."

Hakuniomba nisiseme, hakunieleza chochote, akaendelea kukoroga. Nilifunga mlango. Kichwani mwangu nilishamaliza hesabu yote: huyu mama anachota kwenye pipa la nguruwe, anamlisha baba yangu, na baba hajui. Sikukasirika hata. Ningekasirika ningemwuliza, na angenijibu. Nililiona ni jambo la kuchekesha, nikaliweka akiba.

Akiba hiyo niliitoa siku ya harusi. Tulikuwa akina mama na wasichana wengi tumekaa katika kiwanja cha kanisa tunamenya ndizi, na mimi nilikuwa pembeni, hakuna anayeniongelesha. Mmoja wao akasema kwa wema tu, "Dada, papa yako amekuwa kijana siku hizi. Munamupikia nini?"

"Chakula ya nguruwe," nilisema, "na hajue!"

Wakageuka wote. Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Nikaeleza. Nikaeleza chungu, nyuma ya mlango, uchachu, nikasimama na kuinamisha sikio juu ya beseni la ndizi kama yeye juu ya sufuria, kisha nikakoroma kama nguruwe. Walicheka mpaka mmoja akaniangukia begani. Wakanirushia maganda ya ndizi, wakaniita kwa jina langu la utotoni. Mchana ule nilipendwa. Sikuwa na chuki naye hata kidogo, na ningekuwa nayo ningeweza kuandika haya kwa urahisi zaidi. Nilimuuza kwa kicheko cha dakika tano, na bado nakumbuka jinsi kilivyokuwa kitamu.

Mwanamke mmoja hakucheka. Alikuwa wa upande wetu, wa ng'ombe. Alisema polepole, kisu kikiwa kimesimama ndani ya ndizi, "Mama wa mashamba anamulisha muzee wa ng'ombe maji ya nguruwe?" Kikisemwa hivyo hakikuwa tena kichekesho. Katika vilima vyetu kauli ya namna hiyo inaweza kutembea peke yake ikafika mbali. Nililisikia hilo wazi. Nikachukua ndizi nyingine nikamenya.

Jumapili iliyofuata Mama Mkate aliweka kikapu chake mezani baada ya ibada, kitambaa cheupe juu. Akamkatia baba kipande chake kama kawaida, kisha akashika birika la chai na kuanza kuzunguka. Hakuna mkono mwingine uliokwenda kwenye kikapu. Watu walichukua mandazi. Watu wa mashamba walikuwa wamekaa pamoja upande mmoja, watu wa ng'ombe upande wa pili, jambo ambalo sikuwa nimeliona katika chai ile hata mara moja. Mzee mmoja wa kanisa akamwuliza baba kwa sauti ya wote:

"Papa, banasema unakulaka maji ya nguruwe. Iko kweli?"

Baba alimtazama Mama Mkate, naye amesimama na birika. Alimtazama kwa muda mrefu. Nilidhani ni ghadhabu. Kisha akaisogeza sahani mbali naye.

"Kama ni kweli, alinidanganya," alisema. "Miye sijue."

Mama Mkate aliweka birika chini. Akachukua kile kipande kwenye sahani ya baba, akakila amesimama, bila haraka, mpaka kikaisha. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anakula mkate wake mwenyewe. Akapangusa makombo mezani kwa upande wa mkono, akakunja kitambaa, akachukua kikapu akaenda. Hakuna aliyeuliza maneno yalianzia wapi. Wajibu wangu ulikuwa kusimama tu, na miguu ilikuwa mizima. Mdomo wangu ulikuwa umejaa mandazi.

Hakupika tena. Tundu la ua aliliziba mwenyewe kwa matete mapya, akayafunga vizuri, kazi safi isiyo na hasira. Lakini kila asubuhi alinisalimia kupitia juu yake, "Dada, umeamuka?" kama siku zote, nami niliitikia nikitazama kuku. Nilikuwa nangoja anitukane. Angenitukana ningelala vizuri.

Baba naye akarudia mandazi, na aliyala barazani, watu wamwone kwamba anakula chakula cha watu. Mwili ulirudi, miguu ikaanza kumwaka moto. Kisha vita vikashuka kutoka vilimani, kila mtu akakimbilia alikojua. Mama Mkate alikwenda Kalembe kwa binti yake, sisi tulikwenda upande mwingine. Tuliporudi baba alikuwa na kidonda cha kidole alichokipata njiani, hakikupona, na mguu wa kushoto ukakatwa juu ya kifundo. Sisemi kwamba mkate ungeuokoa. Yeye mwenyewe alisema si dawa. Nimejirudia neno hilo mara nyingi kitandani na halijanisaidia.

Mama yangu alipofariki, jiko likawa langu. Nilipewa karatasi ya vyakula ambavyo baba aweza kula na asivyoweza, nikaibandika ukutani, nikaanza kuutafuta ule mkate. Wa kwanza baba aliugonga kwa gongo lake akaniuliza nani anajenga. Wa pili ulikuwa uji katikati. Nilitumia maji, ukawa mgumu, nikatumia maziwa, ukawa mzito na wenye mafuta, nikapiga ute wa mayai mpaka bega likauma, na ulipoingia sufuriani ukalala. Nilijua kinachokosekana. Nilizunguka jambo hilo mwezi mzima kama mtu anayemkwepa mdai.

Mwishowe nikaenda kwenye kibanda cha fromaji na bidoni, dumu la njano nililolifunga ndani ya kitenge. Mtengenezaji alinijazia bila shida.

"Mumeanza kufuga nguruwe?" aliuliza.

"Ndiyo," nilisema.

Hatuna nguruwe hata mmoja, na yeye ni jirani wa shangazi yangu, anajua. Nilirudi kwa njia ya nyuma. Mkate ulipanda. Niliinamisha sikio juu ya sufuria kabla sijajijua, nikasikia ukipumua, nikakaa chini kwenye kigoda nikalia kwa aibu, maana shingo yangu ilikuwa imeinama vilevile nilivyoinamisha siku ile ya ndizi.

Nilimpa baba bila kumwambia chochote. Alikula katika chumba cha nyuma, hakuuliza. Ilikuwa hivyo wiki tatu. Siku moja akaisukuma sahani kidogo.

"Chumvi iko mingi," alisema. "Yake haikuwa hivi."

Niliweka kikombe chini. Akatazama dirishani.

"Iko Kalembe, kwa binti yake," akaongeza. "Pikipiki zinaenda."

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba, ungo wa maharagwe mapajani. Alikuwa amepungua, na jicho moja limefunikwa na ukungu. Nilisema, "Jambo, Mama," akainua kidole kimoja kama zamani, akasikiliza.

"Ni weye, mutoto ya Papa. Karibia. Sauti yako inaogopa nini?"

Nikampa mkate niliokuja nao, umefungwa ndani ya jani la mgomba. Aliufungua kwa vidole, akaugonga chini, akauleta sikioni.

"Ulifunua sufuria."

"Mara moja, Mama."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

"Na chumvi uliitia na mukono yote. Vidole bibili tu. Bibili."

Nikaona nikingoja zaidi nitaondoka na somo la mapishi, kama mwizi aliyerudi kuchukua kilichobaki. Nikasema yote kwa pumzi moja. "Mama, ile maneno ya maji, miye njo niliisema. Siku ya harusi, tulikuwa tunamenya ndizi. Nilitaka bacheke."

Alitupa haragwe bovu pembeni. "Balicheka?"

"Balicheka."

"Mingi?"

"Mingi, Mama."

Akaitikia kwa kichwa. "Najua. Baliniambia siku ileile. Banasema nguruwe uliigiza muzuri sana."

Sikuwa na mahali pa kuweka uso. Nilimwambia anisamehe, na nilipokuwa naendelea nikasema nilivyokosa kumwuliza, nikamwona kama mtu anayechota kwenye pipa la nguruwe na kumdanganya baba yangu. Hapo aliuweka ungo chini.

"Kumudanganya? Ile maji nilitoa wapi, weye? Na hii miguu yangu, nipande kilima kila siku ya ine?"

Aliinuka kwa shida, akakataa mkono wangu, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amekumbatia chombo cha maziwa cha mti, chenye kifuniko kirefu kilichosukwa. Nilikijua kabla hajafika. Baba alituambia kilipotea wakati wa kukimbia.

"Papa yako njo alikuwa nanileteya," alisema. "Aliniambia, 'Mama, ng'ombe iko yangu, maziwa iko yangu, na maji yake nitabeba miye. Lakini muntu asijue.' Nikamuambia, muntu hatajua. Nani atafunua hii? Siku ya mwisho aliiacha kwangu, hakurudia kuikamata."

"Lakini kanisani, Mama. Alisema mbele ya batu…"

"Uliona vile alinitazama?"

"Nilizani anakasirika."

"Alikuwa naniomba," alisema. "Muzee muzima anakuomba na macho mbele ya kanisa yote. Ningefanya nini? Nikakula ile mukate. Haikuwa mubaya."

Miaka yote hiyo nilijua kwamba nimemwaibisha jirani. Sasa nilijua kwamba nilimvua baba yangu nguo mbele ya watu, akajifunika kwa mtu wa karibu, na mtu huyo akakubali. Tulikuwa wawili, mimi na baba, tumekaa katika nyumba moja, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lilelile.

Mama Mkate akarudi mkekani, akamega mkate wangu.

"Na weye, ile maji unabeba mu nini?"

"Mu bidoni. Na kitenge juu."

"Bakikuuliza?"

Ningeweza kudanganya, mwenyewe haoni vizuri. "Nasemaka iko ya nguruwe."

Alicheka mpaka akakohoa, na nikampiga mgongoni, na machozi yakamtoka kwenye jicho zima na lile la ukungu. "Basi, ngoja nguruwe akule," alisema, akakila kile kipande, akamega kingine, nacho akakila. Kisha akavitenganisha viwili vile, chombo na kifuniko. Chombo akanipa. Kifuniko akakiweka chini, upande wake wa mbali.

"Beba. Kifuniko inabakia kwangu."

"Mama, njiani…"

"Njiani kuko batu. Najua."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye kibanda cha fromaji na chombo cha baba. Mtengenezaji alikitazama, akanitazama, akasita na kata mkononi. "Mu hii?" aliuliza. Nilisema ndiyo, mu hii. "Ya nguruwe?" Kulikuwa na akina mama watatu waliokuja na maziwa, mmoja wao tulimenya naye ndizi. Nilikisogeza chombo karibu na kata.

"Ya mukate," nilisema. "Ya kwetu."

Nilipita barabara kubwa, chombo kiko wazi, maji yanachezacheza ukingoni, na kila niliyesalimiana naye aliangalia ndani kabla ya kuitikia. Baba alikuwa amekaa mlangoni na magongo yake magotini. Alikiona kutoka mbali. Nilipofika alinyoosha mkono, akagusa mti wa chombo, akapitisha kidole kwenye ukingo mtupu.

"Kifuniko iko wapi?"

"Mama Mukate alikibakisha."

Alitazama yale maji, kisha akatazama barabara, ambako wale akina mama wa maziwa walikuwa wanakuja nyuma yangu. Nilidhani ataniambia niingie haraka. Aliyasogeza magongo nipite. Nilipokuwa nimeshaingia, na mkono wangu kwa mazoea umeshashika ubao, alisema bila kugeuka:

"Usifunge mulango."